Luigi Galvani: Tabibu wa vyura aliyeyaachia mabati jina lake

MSAFIRI anayeteremka kutoka nyanda za Timau kuelekea Isiolo huyaona mabati kabla hajauona mji wenyewe. Mng'ao wa paa hizo chini ya jua kali ndio unaomwarifu kwamba baridi ya Mlima Kenya imebaki nyuma na nchi ya mifugo imeanza. Katika mitaa ya Bula Pesa na Kulamawe, na kando ya barabara kuu iendayo Moyale, bati ndilo paa, ndilo ua, ndilo mlango wa kibanda na ndilo ukuta wa duka.

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya mji huo, kama katika maduka mengine kote nchini Kenya, herufi mbili hutamkwa kutwa nzima: GI. Ni bomba la GI, ni waya wa GI, ni bati la GI. Wengi wanaozitamka hawana habari kwamba herufi ya kwanza inatokana na jina la mtu. Mtu huyo hakuwa fundi wa vyuma wala mwenye kiwanda. Alikuwa tabibu na mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili, Mwitaliano Luigi Galvani, aliyeaga dunia miaka 39 kabla ya hataza ya kwanza iliyotumia jina lake kusajiliwa.

La ajabu zaidi ni kwamba nguvu inayolizuia bati lisiliwe na kutu ndiyo hasa iliyomkosanisha Galvani na msomi mwenzake, na katika ubishi huo ni yule mwenzake aliyekuwa na hoja nzito zaidi kuhusu metali.

Galvani alizaliwa tarehe 9 Septemba 1737 katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia, ambao enzi hizo ulikuwa chini ya mamlaka ya Papa. Babake, Domenico, alikuwa mfua dhahabu. Kwa hivyo metali hazikuwa kitu kigeni katika nyumba aliyokulia. Ujanani alitamani kuingia utawa, lakini jamaa zake wakamshawishi aelekee masomoni. Alihitimu mwaka wa 1759 katika Chuo Kikuu cha Bologna, akiwa amesomea udaktari na falsafa, kisha akaanza kutibu wagonjwa na kufundisha.

Mwaka wa 1762 alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa mwalimu wake, Domenico Gusmano Galeazzi. Ndoa hiyo haikujaliwa mtoto. Hata hivyo, ilikuwa ndoa ya watu wawili waliofanya kazi pamoja, kwani Lucia alikuwa mwanamke aliyesoma, akimsaidia mumewe katika majaribio na kuyapitia maandishi yake. Haki haikutendeka kwa Lucia katika vitabu vingi vya historia, ambavyo humkumbuka tu kwa hekaya ya supu: kwamba vyura wa kwanza waliopasuliwa na Galvani walikuwa wamechunwa ili apikiwe mkewe mgonjwa. Hekaya hiyo inapendeza kusimuliwa lakini haina mashiko, kwa sababu vyura walikuwa vifaa vya kawaida katika vyumba vya utafiti vya wakati huo.

Mkwewe alipofariki mwaka wa 1775, Galvani alichukua nafasi yake ya kufundisha elimu ya viungo. Alichunguza figo na masikio ya ndege, na mwaka wa 1782 akapewa pia jukumu la kufundisha ukunga. Kufikia hapo alikuwa mwalimu anayeheshimika mjini mwake, na huenda jina lake lisingevuka kuta za Bologna.

Mwanzoni mwa miaka ya 1780 ndipo lilipotokea jambo lililobadili maisha yake. Katika chumba chake cha majaribio kulikuwa na mashine ya kutoa cheche za umeme, na karibu nayo miguu ya chura aliyekwisha kufa. Msaidizi mmoja alipougusa mshipa wa fahamu kwa ncha ya kisu cha kupasulia, miguu ile ilirusha mateke kana kwamba chura amefufuka. Ilibainika kwamba hilo hutokea pale cheche inaporuka kutoka kwenye mashine.

Mtu mwingine angestaajabu siku moja na kusahau. Galvani alilishikilia jambo hilo kwa takriban miaka kumi. Alitandaza waya kutoka sehemu ya juu ya nyumba yake ili auone utendaji wa radi, na kwa hakika miguu ya vyura ilirukaruka wakati wa ngurumo. Kisha akataka kujua kama hewa ya siku tulivu nayo ina umeme. Mnamo 1786 alitoboa uti wa mgongo wa vyura kwa kulabu za shaba ya manjano, akawatundika kwenye fito za chuma za roshani yake, akangoja.

Hakukutokea lolote. Alipochoka kungoja, alizishika kulabu zile na kuzisukuma kwenye chuma, na papo hapo miguu ikatikisika. Hapakuwa na radi wala mashine. Alipoingia ndani na kuweka chura juu ya sahani ya chuma, akaigusisha kulabu kwenye sahani, matokeo yakawa yale yale. Aligundua pia kwamba nguvu ya mshtuko hubadilika kulingana na aina ya metali zinazotumiwa, na kwamba vitu visivyo metali, kama vile kioo na mbao kavu, havileti chochote.

Ukweli wote ulikuwa mbele ya macho yake: metali mbili za aina tofauti, na kati yake unyevu wenye chumvi wa mwili wa chura. Lakini Galvani alikuwa tabibu, na aliutazama mwili kwanza. Alihitimisha kwamba umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe, umehifadhiwa katika misuli, na kwamba metali ni njia tu ya kuupitisha. Aliuita umeme wa wanyama.

Lucia hakuishi kuona matunda ya kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 1790, akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kusumbuliwa na pumu kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, 1791, Galvani alichapisha matokeo yake kwa Kilatini katika jarida la taasisi ya sayansi ya Bologna. Habari zilienea Ulaya kwa kasi, na kila palipokuwa na vyura na vipande viwili vya metali majaribio yalirudiwa.

Miongoni mwa waliorudia ni Alessandro Volta, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mwanzoni Volta alisadiki na kusifu. Baadaye alianza kushuku. Aliona kwamba chura hushtuka vyema zaidi pale metali zinapokuwa mbili na tofauti, naye akasema chura ni kipimo tu. Umeme unazaliwa pale metali hizo zinapokutana. Akazipanga metali kwa mfuatano wa nguvu zake, zinki ikiwa upande mmoja wa orodha na fedha upande wa pili.

Orodha hiyo ndiyo mzizi wa habari ya bati, nasi tutairudia.

Galvani hakuwa mtu wa kupenda mabishano ya hadharani. Kwa tabia alikuwa mpole na mwenye haya, na kazi ya kumjibu Volta aliiacha zaidi mikononi mwa mpwa wake, Giovanni Aldini, ambaye hakuwa na haya hata kidogo. Yeye mwenyewe alijibu kwa majaribio. Mwaka wa 1794 kilitokea kitabu kisicho na jina la mwandishi, kikieleza jinsi mguu wa chura unavyoweza kushtuka bila metali yoyote, kwa kuugusisha mshipa wa fahamu moja kwa moja kwenye msuli. Mwaka wa 1795, akikaribia miaka 60, alisafiri hadi pwani ya Bahari ya Adriatic kuchunguza taa wa umeme, samaki ambaye humshtua mvuvi anayemshika.

Hapo ndipo haki inapodai kusemwa kwamba Galvani hakukosea katika yote. Mishipa ya fahamu na misuli hutumia umeme kweli, na kila mgonjwa anayepimwa mapigo ya moyo kwa mashine hospitalini ni shahidi. Kila mmoja wa wasomi hao wawili alishika upande mmoja wa ukweli na kuukataa upande wa mwenzake.

Wakati ubishi ukiendelea, siasa ziliingia mlangoni. Majeshi ya Ufaransa yakiongozwa na Napoleon Bonaparte yaliiteka Bologna mwaka wa 1796, na mwaka uliofuata ikaundwa Jamhuri ya Cisalpine. Watawala wapya walitaka kila mwalimu wa chuo kikuu aape kuitii jamhuri hiyo. Wengi waliapa, baadhi kwa moyo na wengine kwa ajili ya mshahara. Galvani, Mkatoliki mcha Mungu, aliona kwamba kiapo hicho kinapingana na dhamiri na imani yake. Alikataa.

Mnamo Aprili 1798 alivuliwa nyadhifa zake zote. Mtu ambaye kitabu chake kilikuwa kikisomwa Ulaya nzima alibaki bila mshahara, akahamia katika nyumba ya ndugu yake. Baadaye watawala walilegeza msimamo na kukubali arejeshewe kazi bila kuapa, lakini afya yake ilikuwa imeshadhoofika. Alifariki tarehe 4 Desemba 1798, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa kando ya Lucia.

Mwaka wa 1800, Volta alitangaza chombo chake: visahani vya zinki na vya fedha au shaba vilivyopangwa kwa zamu, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Hiyo ikawa betri ya kwanza. Napoleon alimzawadia, na mnamo 1810 akampa cheo cha ukabaila. Aldini kwa upande wake alizunguka Ulaya akionyesha umati jinsi umeme unavyotikisa maiti. Mnamo Januari 1803 alifanya hivyo jijini London kwa mwili wa mfungwa aliyenyongwa. Ni masikitiko kwamba kwa muda mrefu umma ulilijua jina la Galvani kupitia vioja hivyo.

Jina hilo liliingia vipi katika mabati?

Chuma kikipata maji na hewa hurudi polepole katika hali ya udongo mwekundu, nako huko ndiko kuota kutu. Mfaransa Paul-Jacques Malouin alieleza mapema mwaka wa 1742 kwamba chuma kikichovywa katika zinki iliyoyeyushwa hupata ngozi ya kukilinda, lakini sababu haikujulikana vyema. Mnamo 1824, Mwingereza Humphry Davy alitumia elimu iliyotokana na betri ya Volta kulinda mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita. Alibandika vipande vya zinki au chuma juu ya shaba, na shaba ikaacha kuliwa na bahari. Kwa bahati mbaya, shaba isiyoyeyuka haikuwa tena na sumu ya kuwafukuza wadudu wa baharini, na meli zikajaa kombe na magugu hadi zikapungua mwendo. Mpango ukaachwa, ingawa kanuni yake ilikuwa imethibitika.

Mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel aliihamishia kanuni hiyo kwenye chuma. Hataza yake ya mwaka wa 1837 ilihusu kukichovya chuma kilichosafishwa katika zinki iliyoyeyuka, na katika kukipa kitendo hicho jina, alichagua jina la Galvani. Alijua kwamba zinki haiwi koti tu juu ya chuma. Inafanya pamoja nacho jozi ya metali mbili, kama zile za roshani ya Bologna.

Hebu tuirudie orodha ya Volta. Metali mbili zinapogusana mahali penye unyevu, moja huliwa na nyingine husalimika. Zinki iko tayari zaidi kuliwa kuliko chuma. Bati likikwaruzwa, likikatwa kwa mkasi au likitobolewa kwa msumari, chuma hubaki uchi katika jeraha hilo, lakini zinki iliyo kandokando hujitoa kwanza. Rangi haiwezi kufanya hivyo. Rangi ikipasuka, kutu huingia chini yake na kuenea. Hata pasipo jeraha, zinki hujifunika kwa hewa na unyevu ngozi ya kijivu iliyo ngumu, na kwa sababu hiyo bati jipya hung'aa na la zamani hufifia bila ya kuwa limeharibika.

Uhai wa bati basi hutegemea mambo mawili: unene wa zinki na ukali wa mahali. Hapa wanunuzi wengi hupotoka. Geji wanayoiuliza dukani, iwe 28, 30 au 32, hueleza unene wa bamba la chuma, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo bamba linavyokuwa jembamba. Haisemi chochote kuhusu zinki. Zinki hupimwa kwa gramu katika kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Gramu 275 ni sawa na takriban mikroni 20 kila upande, yaani sehemu ishirini za milimita moja iliyogawanywa mara elfu moja. Gramu 100 ni mikroni saba tu.

Katika nchi kavu isiyo na moshi wa viwanda wala upepo wa bahari, zinki hupoteza chini ya mikroni moja kwa mwaka. Tukichukulia nusu mikroni, bati la gramu 275 lina zinki ya kutosha karibu miaka 40, na lile la gramu 100 miaka 14. Penye upepo wa chumvi, zinki inaweza kuliwa mikroni nne au zaidi kwa mwaka, na hesabu ile ya miaka 40 ikashuka hadi mitano. Kwa sababu hiyo, mabati ya Isiolo, yanayochomwa na jua kutwa na kuona mvua chache, yana bahati ambayo yale ya Mombasa na Lamu hayana. Jua linalomwudhi mwenye nyumba linalinda paa lake.

Karne ya 20 ilileta mchanganyiko mpya. Mnamo 1972, kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilianza kuuza mabati yenye koti la alumini asilimia 55, zinki takriban asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Kwa kuwa alumini ni nyepesi, gramu 150 za mchanganyiko huo hutoa unene sawa na gramu 275 za zinki tupu. Alumini hufanya kama mifupa inayobaki imesimama huku zinki ikiliwa polepole katikati yake, na katika majaribio ya nje ya miaka mingi koti hilo limedumu mara mbili hadi nne ya zinki ya unene ule ule. Mabati ya aina hiyo huuzwa Kenya pia, na mengi yanayopakwa rangi huwa na koti hilo chini ya rangi.

Hata hivyo, kwa eneo la wafugaji kuna tahadhari. Alumini haiwezi kustahimili vitu vyenye asili ya magadi. Saruji mbichi huila, na hewa ya amonia inayotoka kwenye mkojo na samadi ya mifugo iliyofungiwa pamoja huila pia. Paa la nyumba ya kuishi linafaidika na mchanganyiko huo. Banda la ng'ombe lililozibwa kila upande halifaidiki. Aidha, zinki tupu nayo ina maadui. Maji ya chumvi ya baadhi ya visima vya kaskazini hulimaliza tangi la bati kutoka ndani, na mabati yaliyorundikwa yakiwa na unyevu katikati huota unga mweupe kabla hayajapanda juu ya nyumba. Shaba ni mbaya zaidi: maji yanayotiririka kutoka bomba la shaba hadi kwenye bati huacha humo chembe za shaba, na jozi ya Volta huanza upya, safari hii zinki ikiliwa bila faida.

Afrika Mashariki ililipokea bati mapema. Nairobi ilipoanza kama kituo cha reli mwaka wa 1899, mji ulikuwa wa mabati. Miongo mingi baadaye, baada ya Uhuru, akina mama wa Kenya ya kati waliunda vikundi vya kuchanga pesa ili kila mwanachama aezekewe nyumba kwa zamu, na vikundi hivyo vikaitwa vya mabati. Huko kaskazini, mahali ambapo nyumba ya mfugaji ilikuwa ya fito, mikeka na ngozi ili ibebwe na ngamia, paa la bati limekuwa dalili kwamba familia imekaa na haitahama tena.

Mjini Bologna, Galvani alijengewa sanamu mwaka wa 1879, katika uwanja unaoitwa kwa jina lake. Amesimama akitazama chini, mikononi ana sahani, na juu ya sahani kuna miguu ya chura. Sanamu yenyewe ni ya marumaru.